Jiwe Lisiloogopa Ndimu

Jiko la pwani ya kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, ni jiko la uchachu. Samaki akishushwa ufukweni Mocímboa da Praia, hata kabla ya pilipili na kitunguu saumu, hukutana na ndimu. Pweza huliwa kwa limau, mchuzi wa nazi hutiwa ukwaju au embe bichi, kachumbari ina siki, na nyanya hazikosekani. Anayepanga kuweka kaunta ya jiwe katika jiko la namna hii aanzie hapo, kwenye vitu vitakavyomwagika juu yake kutwa kucha. Picha nzuri alizoonyeshwa kwenye simu zisubiri.

Sura hii inahusu jiwe moja, kwatzaiti, na sababu za kulichagua badala ya marumaru. Nimeiandika kwa kuuwazia mji wa Mocímboa kwa sababu huu ni mji unaojengwa upya. Vita vya Cabo Delgado vilianzia hapa, tarehe 5 Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii Aprili 2019. Agosti 2020 mji na bandari vilitekwa na waasi, wakazi wakatawanyika hadi Pemba, Mueda na ng'ambo ya Ruvuma, na mji haukurudi mikononi mwa serikali mpaka Agosti 2021, baada ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda kuingia. Tangu watu waanze kurejea Milamba, Nanduadua na mitaa mingine, kuta zimekuwa zikiinuliwa tena. Wengi wao wanahitaji bati na saruji kwanza, na hilo halina mjadala. Lakini wapo pia wanaofungua tena mkahawa, nyumba ya wageni au duka la kupikia samaki, na hao wanaponunua jiwe la jikoni wananunua kitu cha kudumu miaka 30 kwa fedha iliyopatikana kwa shida. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba moja anastahili kuambiwa ukweli kuhusu jiwe analouziwa.

Na ukweli wa kwanza ni kwamba marumaru, kwa uzuri wake wote, ni chokaa.

Watu wa pwani hii wanaijua chokaa kuliko karibu watu wote wa bara letu. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi kisiwa cha Ibo, kusini mwa Mocímboa, nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe na kukandikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ngome ya São João Baptista pale Ibo, iliyokamilika mwaka 1791, bado imesimama kwa ufundi huo. Tumbawe ni kalsiamu kabonati. Ukilichoma kwenye tanuru kwa joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa hutoka na kubaki chokaa hai. Ukiizimua kwa maji na kuipaka ukutani, taratibu hunyonya tena ile hewa na kugeuka jiwe. Marumaru ni ukoo huohuo. Hapo kale ilikuwa mawe ya chokaa yaliyolala chini ya bahari, yakazikwa, yakapikwa na kubanwa ardhini mpaka chembe zake zikakua na kushikana, zikawa zile zinazometa unapoligeuza jiwe juani.

Sasa chukua ndimu. Maji yake ni asidi kali kwa kipimo cha jikoni, na asidi ikikutana na kalsiamu kabonati huila: jiwe linayeyuka kidogo, hewa ya ukaa inatoka, na pale palipong'aa panabaki alama ya ukungu. Si doa. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, na huenda likatolewa. Alama ya ndimu ni jiwe lililokwisha kuondoka. Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji huipitia haraka, wakisema kuna dawa ya kuziba itakayolinda marumaru yako. Dawa ya kuziba huzuia mafuta na manjano kupenya, basi. Asidi haihitaji kupenya, kwa sababu inakula juu kwa juu.

Wapo wanaoipenda marumaru hata hivyo. Nchini Italia watu wameitumia jikoni kwa karne nyingi na wanaichukulia alama kama umri wa nyumba. Ukitaka hivyo, chagua marumaru isiyong'arishwa sana, kwa sababu alama hazionekani mno juu yake, na fundi anaweza kuipiga msasa upya. Mimi nadhani marumaru ina mahali pake pazuri pwani: sakafu ya msikiti, ngazi, baraza, ukuta wa sebule. Mahali ambapo samaki anapakwa ndimu kila adhuhuri si mahali pake.

Kwatzaiti ilitoka kwenye mchanga. Mchanga wa kawaida, sehemu kubwa, huwa ni chembe za kwatzi, madini ya silika. Mchanga ukizikwa na kugandamana unakuwa jiwe la mchanga, kama lile la Mazeras ambalo Wakenya wanalitandaza kwenye nyua na njia za bustani. Jiwe la mchanga lina nafasi kati ya chembe, na nafasi hizo ndizo zinazolifanya linywe maji na mafuta. Watu wa Cabo Delgado wana sababu ya kuielewa nafasi hiyo kuliko wengine, kwa kuwa gesi ya bonde la Ruvuma, iliyogunduliwa mwaka 2010 chini ya bahari ya Palma, imekaa ndani ya mawe ya mchanga, katika vitundu vilivyo kati ya chembe na chembe. Utajiri wote ule unaozungumzwa Afungi, kwenye mradi wa gesi hiyo, umehifadhiwa katika matundu ambayo jicho haliyaoni.

Liache jiwe kama hilo lizikwe zaidi, lipashwe moto na kubanwa na milima inayoinuka, na matundu yanafungwa. Chembe za mchanga zinaungana na kuwa kitu kimoja. Hapo ndipo linapoitwa kwatzaiti. Ukilivunja jiwe la mchanga, linapasuka kwa kuzizunguka chembe, na mchanga unabaki kiganjani. Ukivunja kwatzaiti ya kweli, ufa unazikata chembe katikati, na uso wa mpasuko unang'aa mithili ya kioo. Kwa ugumu, katika kipimo cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi iko kwenye 7, kalsiti ya marumaru iko kwenye 3, na kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5. Ndimu, siki na ukwaju haviifanyi kitu silika. Milima ya Chimanimani, katikati mwa Msumbiji, imejengwa na kwatzaiti, ikiwemo Monte Binga wenye mita 2,436, kilele kirefu kuliko vyote nchini. Mvua zimeupiga mlima huo zama na zama na bado uko pale.

Kinachovutia zaidi ni kwamba mawe haya mawili ni majirani katika mkoa huohuo. Mocímboa yenyewe imekaa juu ya mchanga na udongo mwekundu, na ufukweni kuna matumbawe na mikoko, ndiyo maana nyumba za asili zilitegemea boriti, udongo na makuti. Lakini ukiingia bara kuelekea Montepuez, unakanyaga miamba ya zamani sana, sehemu ya mkanda mkubwa unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya, ambao wanajiolojia wanauita Mkanda wa Msumbiji. Humo, marumaru na kwatzaiti zimelala pamoja, moja ikiwa chokaa na nyingine mchanga, zilizopikwa katika migongano ya mabara zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Marumaru ya Montepuez imewahi kuchimbwa na kukatwa. Dunia inaijua Montepuez kwa yakuti nyekundu zilizogunduliwa mwaka 2009, na wilaya jirani ya Balama kwa kinywe, na sijui kwa nini jiwe la kujengea lisitajwe kwa fahari ileile.

Slabu za kwatzaiti zilizokwisha kung'arishwa, hata hivyo, sehemu kubwa hutoka mbali, hasa Brazili. Moja inayopendwa sana kwa rangi yake ya maziwa yenye mishipa ya dhahabu inauzwa kwa jina la Taj Mahal. Kaburi la Taj Mahal kule Agra ni la marumaru. Slabu yenye jina hilo ni kwatzaiti ya Brazili. Imepewa jina la marumaru kwa sababu inafanana nayo, na kufanana huko ndiko kunakoipa thamani kwa mtu anayetaka weupe na mishipa bila udhaifu wa chokaa. Kinyume chake pia kipo, na hapo ndipo wanunuzi wanapoumia: kuna marumaru zinazouzwa kwa jina la kwatzaiti. Mawe yanayoitwa Super White na Fantasy Brown mara nyingi huwekwa kwenye safu ya kwatzaiti dukani, ilhali wanajiolojia walioyapima wameyakuta ni marumaru, mengine ya dolomiti. Muuzaji anaweza asiwe mwongo. Aliandikiwa hivyo kwenye hati, naye akasoma alichoandikiwa. Ukisikia neno "kwatzaiti laini", simama hapohapo, kwa maana hakuna kwatzaiti laini.

Kwa hiyo usinunue jina. Pima jiwe. Vipimo hivi havihitaji maabara, na fundi yeyote mwaminifu atakuruhusu kuvifanya.

Mwambie, "Fundi, naomba kipande kilichobaki cha slabu hiihii." Kila karakana ya mawe ina vipande vya pembeni. Chukua chupa tupu ya soda ya kioo, ushike kipande, uiburute ncha yake kali isiyong'arishwa juu ya kioo kwa nguvu. Kwatzaiti itauma kioo na kuacha mkwaruzo unaousikia kwa ukucha. Marumaru itateleza, au itaacha mstari mweupe ambao ukiufuta kwa kidole unatoka, kwa sababu huo ni unga wa jiwe lenyewe. Kisha geuza mambo: chukua ncha ya kisu cha chuma na ukwaruze jiwe. Marumaru itachimbika. Kwatzaiti itabaki na mstari wa kijivu, na huo ni chuma cha kisu kilichosagika.

Baada ya hapo kata ndimu. Kamulia matone kwenye uso uliong'arishwa na mengine kwenye upande uliokatwa, kisha subiri kama nusu saa. Ukiona mapovu, hiyo ni chokaa. Usipoyaona, usishangilie bado, kwani marumaru ya dolomiti haichemki haraka. Kwangua upate unga kidogo, udondoshee siki juu ya unga huo, uinamishe sikio na jicho. Halafu futa ule uso uliong'arishwa na uulaze kuelekea mwanga wa mlangoni. Tafuta duara la ukungu pale palipokuwa na tone. Likiwepo, rudisha jiwe, hata kama hati yake ina mihuri mitatu. Upande uliokatwa ni muhimu kwa sababu slabu nyingi hupakwa gundi ya plastiki juu ili kuziba nyufa ndogo, na gundi hiyo inaweza kulificha jiwe kwa muda.

Mwisho dondosha maji safi. Yakikaa juu bila kubadilisha rangi ya jiwe, matundu yamefungwa vizuri. Jiwe likiwa jeusijeusi chini ya tone baada ya dakika chache, basi ni kwatzaiti ambayo haikuiva sawasawa, bado ina matundu ya mchanga. Haifai kukataliwa kwa sababu hiyo tu, lakini itahitaji dawa ya kuziba mara kwa mara, la sivyo manjano na mafuta ya nazi yataingia na kukaa humo.

Moto nao una hesabu yake. Kwatzaiti inastahimili sufuria ya moto kuliko slabu za kiwandani, zile zinazotengenezwa kwa unga wa kwatzi uliogandishwa kwa gundi, maana gundi hubabuka. Hata hivyo jiko la mkaa lisikae moja kwa moja juu yake. Kwatzi ikifika nyuzi 573 hubadilika umbo ndani yake na kutanuka ghafla, na kaa jekundu la mkaa linaweza kuupita kiwango hicho. Kaa likidondoka na kuachwa pale, sehemu moja inatanuka na jirani yake imetulia, na jiwe linapasuka. Weka kigae kinene au tofali chini ya jiko.

Halafu uzito. Mita moja ya mraba ya kwatzaiti yenye unene wa sentimita 2 ina kilo zipatazo 53. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 inakaribia kilo 95, na kwa unene wa sentimita 3 inapita kilo 140. Kabati la mbao nyepesi halitafaa. Jenga vikuta vya tofali, usawazishe kwa pima maji, ndipo ulaze jiwe. Safari yenyewe ni mtihani mwingine. Bandari ya Mocímboa ni ndogo, na mzigo wa mawe utakuja kwa lori kutoka Pemba au Nacala, kupitia Sunate, Macomia na Awasse, barabara ambayo kwa nyakati tofauti magari yamelazimika kuipita kwa misafara ya kulindwa. Slabu isafirishwe ikiwa imesimamishwa kwa ubavu kwenye fremu ya mbao na kufungwa kamba, kamwe isilazwe. Tundu la sinki likatwe jiwe likishafika, si kabla, kwa sababu ule ukanda mwembamba unaobaki mbele ya sinki ndio unaovunjika kwanza kwenye mashimo ya njiani.

Nimefika kwenye jambo linaloniumiza kuliko mengine, nalo ni mapafu ya fundi. Unga wa marumaru kwa sehemu kubwa hauna silika. Kwatzaiti ni silika karibu yote. Fundi anayeikata kwa grainda kavu, amejifunga kitambaa puani, anavuta unga mwembamba unaokaa kwenye mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na makovu yake hayaponi. Australia ilipiga marufuku slabu za kiwandani za kwatzi kuanzia tarehe 1 Julai 2024, nchi ya kwanza kufanya hivyo, baada ya vijana wa karakana kuugua wakiwa bado na umri mdogo. Marufuku ile haikuhusu mawe ya asili, lakini unga wa silika hauulizi umetoka kwenye jiwe gani. Kinga yake inajulikana: maji. Msumeno wenye maji yanayotiririka kwenye ukingo wa kukatia hugeuza unga kuwa tope. Ongeza barakoa halisi ya vumbi, kazi ifanyike nje penye upepo, na tope lisombwe kabla halijakauka. Mnunuzi ndiye mwenye sauti hapa. Ukisema, "Fundi, nitalipia na maji, lakini usinikatie kavu," atakusikia, maana fedha ni yako na mapafu ni yake.

Kuna njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Graniti nayo ni ngumu, haiogopi ndimu, na kwa kawaida hupatikana kwa bei nafuu zaidi. Ina silika pia, kwa hiyo maji hayaepukiki. Asiyejali kuwa na weupe wa marumaru achukue graniti ya kijivu au nyeusi na fedha iliyobaki aiweke kwenye paa. Tarazo na saruji iliyosuguliwa ni rahisi na zinapendeza, ila zote mbili zina chokaa ndani yake, na ndimu itaziachia alama kama inavyoiachia marumaru. Kwa jiko la nyumbani, lenye kinu na mbuzi ya nazi sakafuni, pengine kaunta ya saruji inatosha, na alama zake hazimdhuru mtu. Kwatzaiti ni ya yule ambaye jiko ni biashara yake, anayefuta meza mara 50 kwa siku mbele ya wateja, na anayetaka jiwe jeupe libaki jeupe.

Kama ni wewe, fanya hivi kabla ya kutoa malipo ya kwanza: omba kipande cha slabu yenyewe, nenda nacho nyumbani na ndimu moja na chupa moja, kipime, kisha ukilaze usiku kucha kikiwa na manjano na mafuta ya nazi juu yake. Asubuhi kioshe kwa sabuni na maji. Kikitoka safi, lipa, na uandike kwenye mkataba kwamba jiwe litakatwa kwa maji.